Kitunguu mwitu cha pembe tatu: kiwahi kabla ya mbegu

Uzuri wa kitunguu mwitu cha pembe tatu (Allium triquetrum) ndio unaowaponza wenye mashamba. Kwao ni magharibi mwa Mediterania, huko Hispania, Italia, Moroko na Algeria, kikasambazwa kwingine kama ua la bustani. Uingereza sasa kimo kwenye Jedwali la 9 la sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981: kukipanda porini au kukiachia kiote huko ni kosa. Kusini mwa Australia nako ni gugu sugu.

Kukitambua si kazi. Kata shina, utaona pembe tatu kali. Maua meupe yameinama chini, na kila petali ina mstari wa kijani katikati.

Wengi hukivuta kwa mkono, na hapo ndipo wanapojipalilia kazi ya mwakani. Shina hukatika, vitunguu vichanga vilivyokizunguka kile mama vikabaki ardhini. Tumia uma wa bustani udongo ukiwa na unyevu, nyanyua bonge zima, kisha lipekue kwa vidole mpaka usikie hakuna kitu. Wakati wake ni pale vikonyo vya maua vinapoanza kutokeza. Kitunguu mama kimeshamaliza akiba, na vichanga bado havijajaa. Ukingoja mbegu zikomae, sisimizi watakushinda: kila mbegu ina kipande chenye mafuta wanachokipenda, hivyo huibeba na kwenda kuitupa mbali na ulipokuwa unapalilia. Ulichochimbua usikitie kwenye mboji, maana kitaamka humo humo. Na eneo hilo lirudie kila msimu wa baridi unapoisha, kwa miaka kadhaa.

Na glifoseti, dawa ya kuua magugu? Jani lina nta, dawa huteleza isipochanganywa na kitu cha kuishikisha. Kwa bustani ndogo, mimi nachagua uma.

Mwenye ng'ombe wa maziwa awazuie kabisa wasifike kilipoota. Maziwa hunuka kitunguu, na hakuna atakayeyanunua.

Ulichokichimba unaweza kukila, majani na maua yake hata kwenye kachumbari. Ila angalia Leucojum, mmea mwingine wenye maua meupe yanayoinama vilevile na wenye sumu. Huo hauna harufu ya kitunguu. Ukishavuna kidogo, mikono yako yote inanuka kitunguu na pua haikusaidii tena, kwa hiyo kagua shina moja moja kama lina pembe tatu.