Mkopo wa Masomo ya Udaktari: Namna ya Kuuomba na Kuupigia Hesabu ya Miaka Mitano

Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya sekondari mjini Tabora, na kila mwaka huwasaidia wahitimu wa mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Wengi wao wanatoka katika familia za wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, na wengine huja kwetu kutoka Kasulu na Uvinza, mkoani Kigoma. Wanaotaka udaktari ndio ninaowahimiza waanze mapema kuliko wenzao, kwa sababu shahada hiyo huchukua miaka mitano kabla ya mwaka wa utarajali hospitalini, na pengo dogo la fedha la mwaka wa kwanza hujirudia mara tano.

Hatua ya kwanza: tandaza karatasi zote mezani

Kabla ya kufungua kompyuta, weka pamoja cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, cheti cha kifo cha mzazi ikiwa amefariki, na kitambulisho cha taifa cha atakayekudhamini. Kisha soma majina herufi kwa herufi, kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Nilikuwa na binti mmoja ambaye cheti chake cha kuzaliwa kilimwandika baba yake Asumani, kama tunavyotamka huku kwetu, ilhali kwenye mtihani wa kidato cha nne alisajiliwa kwa jina la Athumani. Kwetu sote alikuwa ni mtu yule yule, lakini mfumo wa maombi humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na kwa jina lililosajiliwa nayo, hivyo tofauti ya aina hiyo inatakiwa kurekebishwa au kuthibitishwa kisheria mapema. Marekebisho ya cheti cha kuzaliwa huanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako usajili wa vizazi na vifo hufanyika. Kwa anayeishi kijiji cha mbali, hiyo ni safari ya siku nzima, na mara nyingi si safari moja. Ndiyo maana kazi hii ninaipanga mwanafunzi akiwa bado kidato cha tano.

Hatua ya pili: hakiki vyeti RITA

Cheti chako kuwa halali hakutoshi. Bodi inataka kiwe kimehakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Uhakiki huombwa kwa mtandao, kwa kupakia picha iliyo wazi ya cheti na kulipa ada ndogo, kisha majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Cheti cha kifo cha mzazi nacho hupitia njia hii. Hapa nawasihi walezi wa watoto yatima wasione aibu wala uzito wa kufuatilia cheti cha kifo cha miaka mingi iliyopita, kwa kuwa uyatima ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa wakati wa kupima uhitaji wa mwombaji. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaosaidia kaya maskini, itaje namba yake ya utambulisho, na mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, apate uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa.

Hatua ya tatu: jaza maombi

Maombi hujazwa kwenye mfumo wa Bodi katika intaneti, na ada yake, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, kupitia simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi akulipie bila kukuonyesha namba hiyo, na usiruhusu mhudumu wa steshenari aweke namba yake ya simu na barua pepe yake mahali pa zako, kwa sababu taarifa zote zitakwenda kwake.

Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati ambao vijana wengi wa kidato cha sita wako katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, iwe Msange hapa Tabora au Bulombora na Mtabila kule Kigoma. Maofisa wa Bodi wamekuwa wakiwafuata vijana kambini na kuwaelimisha, na hilo ni jambo jema, lakini karatasi zilizobaki nyumbani hazimfuati mtu kambini. Mwachie mzazi au mlezi bahasha yenye nakala zote, na wewe ubebe nakala nyingine.

Hatua ya nne: sahihi

Fomu ikishachapishwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, kisha kurasa zilizosainiwa hupakiwa tena kwenye mfumo. Kijana mmoja niliyemfundisha alikusanya sahihi zote kwa wiki mbili, akapakia ukurasa mmoja badala ya yote, akaamini amemaliza. Aligundua kosa lake dirisha likiwa limefungwa. Tangu hapo simwachii mwanafunzi aondoke mpaka tumefungua pamoja kila kilichopakiwa na kukisoma kwenye kioo.

Hatua ya tano: piga hesabu kabla ya kuthibitisha chuo

Hii ndiyo hatua ambayo familia nyingi huiruka. Mkopo haulipi kila kitu. Una vipengele: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2023/24. Kiasi cha ada kinachokopeshwa hutegemea uhitaji wa mwombaji na kikomo kilichowekwa kwa kozi, na si lazima kilingane na ada inayotozwa na chuo.

Ada ya udaktari katika chuo cha umma kama Muhimbili ni ndogo sana ikilinganishwa na ya vyuo vingi visivyo vya serikali. Tuseme, kwa mfano tu, chuo kinatoza milioni 5 kwa mwaka na mkopo wa ada ni milioni 3. Familia itatafuta milioni 2 mwaka wa kwanza, na milioni 10 hadi mwaka wa tano, bila kuhesabu bima ya afya, usajili na michango mingine ya chuo, wala nauli ya kwenda Dar es Salaam au Mwanza na kurudi. Mzazi anayetegemea tumbaku huuza kuanzia katikati ya mwaka, ilhali vyuo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Ikiwa fedha ya mauzo imeshakwisha Septemba, mtoto atafika chuoni akiwa na jina kwenye orodha ya mkopo na bado akashindwa kusajiliwa. Namwomba mzazi atenge fungu la chuo siku ile ile malipo yanapoingia benki. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja afanye hesabu hii kwa kila chuo kabla ya kuthibitisha.

Mwenye ufaulu wa juu sana kidato cha sita katika masomo ya sayansi afuatilie pia Samia Skolashipu, ulioanza mwaka 2022/23 na unaohusisha elimu tiba. Huo ni ufadhili usiorejeshwa.

Ukishapangiwa

Majina hutangazwa kwa awamu, kwa hiyo kutoonekana katika awamu ya kwanza si kunyimwa. Baada ya hapo hufunguliwa dirisha la rufaa, ambalo pia hutumiwa na aliyepata kiasi kisichomtosha na ana vielelezo vipya. Ukifika chuoni, nenda mapema kwa ofisa mikopo ukasajiliwe, kwa kuwa fedha hupokelewa baada ya kuthibitisha kwa alama ya kidole. Mkopo wa mwaka unaofuata hutegemea matokeo ambayo chuo huyatuma Bodi. Katika udaktari, ambako kurudia mwaka si jambo geni, anayeugua afuate utaratibu wa kuahirisha masomo kwa maandishi badala ya kutoweka darasani.

Ukishaajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 iliondolewa mwaka 2021. Tunza hati zako za mshahara tangu mwezi wa kwanza, na kila mwaka linganisha jumla ya makato na salio linaloonekana kwenye akaunti yako ya Bodi.