Gonga kwanza: nilivyoiacha kampuni ya matawi nikamchukua fundi wa jirani

Kigae cha kwanza kiliinuka usiku. Nilisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa, nikadhani ni paka. Asubuhi nikakuta vigae viwili vya sebuleni vimeegemeana kama paa dogo, grauti, ile saruji laini inayojaza nafasi kati ya vigae, imemwagika pembeni kama majivu. Sakafu ilikuwa na miezi 14. Dhamana niliyopewa ilikuwa ya miezi 12.

Kazi ya kuweka vigae hivyo niliwapa kampuni kubwa, yenye matawi nchi nzima. Kilichonivuta ni ule ukumbi wao: vigae vimepangwa ukutani vinang'aa, kijana nadhifu anakuvutia kiti, bei imeshachapwa kwenye karatasi yenye nembo. Nilipopiga simu kulalamika ndipo nikajua nilichonunua. Aliyeniuzia alishahamishiwa tawi jingine. Aliyekuja kupima alishaacha kazi. Na wale wawili walioweka vigae vyenyewe hawakuwa wafanyakazi wa kampuni hata kidogo, walikuwa vibarua waliopewa kazi kwa mita, na hakuna aliyekuwa na namba yao. Nilipewa namba ya malalamiko. Bado ninayo.

Jirani ndiye aliyeniletea fundi wake. Alivua viatu, akaomba sarafu, akapiga magoti akaanza kugonga kigae kimoja kimoja. "Sikiliza, mama," akasema. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mfupi, mkavu. Kilicho na uwazi chini yake hulia kama ngoma. Kila kinacholia ngoma alikizungushia duara la chaki, na alipomaliza sebule yangu ilikuwa imejaa maduara. Kisha akabandua kimoja, akakipindua. Mgongo wake ulikuwa safi kabisa isipokuwa madonge matano ya gundi, moja kila pembe na moja katikati, kama uso wa dadu wenye nukta tano.

"Hapa walikimbizana na saa," akasema. Gundi inatakiwa kupakwa sakafu nzima, kisha ichanwe kwa mwiko wa meno iwe mistari iliyonyooka, halafu kigae kikandamizwe mpaka mistari ilale. Ndani ya nyumba pakavu gundi ishike walau asilimia 80 ya mgongo wa kigae, bafuni asilimia 95. Madonge hayafiki popote karibu na hapo. Na kando ya ukuta hawakuacha mwanya: vigae vilikuwa vimebanwa ukuta hadi ukuta. Kigae hupanuka kidogo kikipata joto au unyevu. Kikikosa pa kwenda kando, kinakwenda juu.

Tangu siku hiyo watu huniuliza namna ya kupata fundi wa sakafu, na swali ninalowarudishia ni hili: nani atakayeshika mwiko? Si nani mwenye duka, wala nani mwenye karatasi nzuri. Faida ya fundi wa karibu ni kwamba anayepima, anayekupa bei na anayepiga magoti ni mtu mmoja, na ukimhitaji mwakani unajua anapita njia gani. Hiyo ndiyo faida yenyewe. Kama fundi wa karibu naye huchukua kazi kisha akatuma vijana usiowajua, basi umerudi kwenye kampuni, tofauti ni kwamba hata namba ya malalamiko huna.

Usimwombe picha za simu. Kila sakafu hupendeza siku ya kwanza ikiwa imepanguswa. Mwombe akupeleke kwenye sakafu aliyoiweka miaka miwili au mitatu iliyopita, ambayo watu wanaikanyaga, wanaburuta viti juu yake. Nenda na sarafu mfukoni. Gonga vigae vya mlangoni na vya kwenye pembe, maana huko ndiko mkono wa haraka huonekana. Angalia vipande vilivyokatwa: fundi mwenye jicho hupanga chumba kwanza bila gundi ili vipande viwe vipana na vilingane pande zote mbili, hakuachii kijiukanda cha vidole viwili mlangoni. Bafuni omba kopo la maji, mwaga, usiseme neno. Maji yaende yenyewe kwenye tundu. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita unatosha. Yakituama kwenye kona, umeshajibiwa. Halafu muulize mwenye nyumba, fundi akiwa mbali kidogo, kama aliwahi kuitwa tena na kama alikuja. Fundi wangu alinipeleka nyumba mbili. Ya pili ilikuwa na kigae kimoja chenye ufa, na aliniambia kabla sijakiona.

Akija kwako kupima, mtazame anavyopima. Anayehesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta na kutaja bei palepale anakadiria tu. Unayemtaka atakuja na rula ndefu ya alumini, ya mita 2, ataiweka chini na kuchungulia mwanga unaopita. Kwa vigae vikubwa, kama vile vya sentimita 60 kwa 60, bonde linalozidi milimita 3 chini ya rula hiyo lisawazishwe kwanza, kwa sababu kigae hakipindi kufuata bonde. Atauliza zege lina umri gani. Kama ni jipya atakuambia usubiri, na usimnunie. Wangu alikata kipande cha nailoni, karibu sentimita 45 kila upande, akakibandika sakafuni kwa utepe kingo zote nne, akaondoka. Kesho yake chini ya nailoni kulikuwa na matone: zege lilikuwa bado na unyevu. Tukakaa wiki mbili zaidi, tukarudia jaribio, ndipo kazi ikaanza. Ukitaka sakafu ya mbao au ya laminate, zile mbao za kiwandani zenye sura ya mbao juu, jaribio hilo ni la lazima zaidi. Tena maboksi yalale ndani ya chumba chenyewe walau siku 2, na kando ya kuta ubaki mwanya wa walau milimita 8 hadi 10 utakaofunikwa na ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta.

Bei iandikwe, hata kama mnafahamiana. Hasa kama mnafahamiana. Mimi nilikaa naye mezani tukaigawa: kubandua ya zamani, kusawazisha, kuweka, kujaza grauti, kupunguza milango kwa chini (hili husahauliwa mpaka mlango ukwame), na nani anabeba kifusi. Vifaa nilinunua mwenyewe tukiwa pamoja dukani, risiti kwa jina langu. Ongeza asilimia 10 ya vigae kwa ajili ya mikato na vinavyovunjika, au 15 ukitaka vilazwe kimshazari. Kagua nambari ya toleo kwenye kila boksi kabla halijatoka dukani. Vigae vya jina moja na toleo tofauti huachana rangi, na utakuja kuliona hilo vikishakauka. Pesa ya kazi nililipa kwa hatua, na sehemu ya mwisho niliibakiza hadi grauti ikauke na nigonge tena.

Sasa na yeye nimseme, maana si malaika. Alichelewa siku 4 kwa sababu alikuwa na kazi nyingine upande wa pili aliyoniambia "inamalizika leo". Fundi wa jirani ni mtu mmoja: akiugua, kazi inaugua. Kwa hiyo kubaliana naye mapema siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na umwambie wazi kwamba akianza kwako asiwe na mguu kwingine. Na kama una jengo zima la ofisi la kumaliza kwa wiki moja, nenda kwenye kampuni, wana watu wa kutosha. Ila dai jina la atakayeweka, na umwone kazini kabla ya kusaini.

Siku ya kazi kaa karibu bila kuwa mzigo. Omba kitu kimoja: kigae kimoja kilichowekwa sasa hivi kibanduliwe ukione mgongo. Fundi mzuri hatakasirika, mara nyingi hufanya hivyo mwenyewe. Wangu alibandua cha tatu, mgongo wote kijivu, akanionyesha kama mtu anayeonyesha daftari lililosahihishwa. Ukichagua vile vigae virefu vinavyofanana na mbao, visipishane nusu kwa nusu; hupinda kidogo vikichomwa tanuruni, kwa hiyo katikati ya kimoja huwa juu kuliko ncha ya jirani yake na utajikwaa kidole. Vipishane theluthi. Baada ya hapo hakuna wa kukanyaga kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko wa gundi, mara nyingi saa 24. Tuliweka kiti mlangoni, na paka tukamfungia.

Vilibaki vigae 7. Fundi alivifunga kwa gazeti, akavisimamisha ukutani stoo, na nyuma ya mlango akaandika kwa penseli nambari ya toleo na tarehe. Akipita njia huingia kunywa maji, na kabla hajaketi hugonga kwa kisigino karibu na mlango, mara mbili, akiwa ameinamisha kichwa.