Nyumba yenye deni: jinsi ya kulikagua kabla ya kulipa, Kigoma

Mnunuzi wa nyumba Mwanga au Gungu hukagua bati, nyufa na njia ya gari. Deni halina ufa wa kuuona, na muuzaji akishaondoka na pesa, anayedaiwa ni aliyebaki na funguo.

Anzia kwenye mita. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: tangu 2023 ni sh. 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mjini sh. 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba ikikaa tupu miezi minane bila kununuliwa umeme, sh. 12,000 zinakusubiri siku ya kwanza utakayonunua. Dai risiti za karibuni za LUKU. Kama muuzaji alisamehewa kwa kuwa na miaka 60 au zaidi, msamaha ni wake, haufuati nyumba. Na kama umepanga, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba hata ikikatwa kwenye umeme wako. Patana naye akufidie kwenye pango.

Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine, ingawa wengi huzichanganya. Hii ni ya kiwanja chenye hati, na mwaka wake huanza Julai 1. Risiti ya muuzaji isikuridhishe: chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi, uombe kontrol namba, yaani namba ya kulipia serikalini. Kiasi kitakachotokea hapo ndilo deni lenyewe. Likilimbikizwa, mmiliki hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba, na mwisho wake miliki inaweza kufutwa.

Kisha omba upekuzi rasmi, yaani ukaguzi wa daftari la umiliki, kwa Msajili wa Hati. Peleka nakala ya hati, jaza fomu, lipa kwa kontrol namba. Majibu husema mmiliki ni nani na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama. Usisome jina tu ukaridhika. Rehani iliyokwisha kulipwa lakini haijafutwa kwenye daftari bado ni rehani. Muuzaji aipeleke barua ya benki ikafutwe kwanza.

Deni la kesi ndilo linalowaponza wengi. Aliyeshinda kesi ya madai huomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe ili alipwe, na mahakama hutoa amri ya kukamata nyumba. Kuanzia hapo mdaiwa haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani. Hatari iko kwenye siku zile ambazo amri imeshatoka lakini haijafika kwa Msajili: upekuzi utarudi safi. Kwa hiyo rudia upekuzi siku ya kulipa, na uulizie jina la muuzaji kwenye masjala za mahakama za Kigoma na kwenye Baraza.

Kama mdaiwa ni wewe, ijue kinga yako. Sheria ya Mwenendo wa Madai inalinda nyumba anayoishi mdaiwa, mke na watoto wanaomtegemea. Nyumba ya kupangisha haimo, na uliyoiweka rehani mwenyewe usitegemee kinga hiyo. Dalali wa mahakama akibandika tangazo, usilichane ukadhani yameisha. Peleka pingamizi mahakamani kabla ya mnada. Mke au ndugu mwenye nyumba iliyokamatwa kwa deni la mwingine naye ana haki ya kupinga, ila awe na karatasi za umiliki, maana maneno matupu hayatoshi.

Ujiji kuna nyumba nyingi zisizo na hati, na huko Msajili hana cha kukuonyesha. Muulize mwenyekiti wa mtaa, majirani wa pande zote nne, na warithi mmoja mmoja. Nyumba ikiwa ya marehemu, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Mkataba wa mauziano useme wazi kwamba deni lolote la kabla ya tarehe ya mauzo ni la muuzaji, na bakiza sehemu ya bei hadi uhamisho ukamilike.