Kumpeleka mzazi Marsabit kwa pikipiki, hatua kwa hatua

Wiki jana binamu yangu alinipigia simu. Anataka kumpeleka baba yake, mzee wa miaka 70, kwa pikipiki hadi Moyale, kule kaskazini mwa Kenya mpakani, mbele ya Marsabit. Nilimweleza mpaka salio likakatika, nikaona heri niandike.

Mimi nilimpeleka mama Marsabit kutoka Nyeri akiwa na miaka 66, mimi mbele, yeye nyuma. Alifundisha shule ya msingi huko miaka ya 1980, enzi za changarawe, akisafiri juu ya lori pamoja na magunia ya unga. Aliposikia lami imepita Marsabit hadi Moyale, alitaka kuiona mwenyewe, na basi hakulitaka. Tumekwenda mara mbili sasa. Nachukulia kwamba unaijua pikipiki yako, kwa hiyo oili, breki na cheni sitazizungumzia.

Hatua ya 1: Kliniki kwanza

Wiki mbili kabla ya safari mpeleke mzazi kwa daktari. Wazee wengi wana presha, na baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kumkojoza mtu. Maji yanatoka kwa dawa, na jangwa nalo linayavuta. Usimpunguzie dawa kwa akili zako. Mweleze daktari mnakokwenda na saa mtakazokuwa juani, aamue yeye.

Halafu ujue kwamba mtu akizeeka, kiu humpungua. Mwili unakauka naye hasikii hamu ya maji. Ukimuuliza kama ana kiu atakwambia hana, na hatakuwa anakudanganya. Sisi tunakunywa kwa kilomita: kila kilomita 30 nasimama, kikombe chake, kikombe changu, atake asitake.

Jambo jingine mama alinificha hadi siku ya pili. Alikuwa akinywa nusu kikombe na kumwaga iliyobaki, kwa kuogopa kujisaidia njiani mbele ya mwanawe. Kama unasafiri na mama yako, beba leso mbili za kuzungushia kichakani, mkabidhi kabla hamjaondoka, na mwambie wazi kwamba mtasimama popote atakapogusa bega lako. Tangu siku hiyo alikunywa vizuri.

Hatua ya 2: Nguo

Vijana wengi hufungua jaketi joto likizidi. Usifanye hivyo. Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi yako, upepo haukupoozi tena. Unakuchoma na kukausha jasho upesi mno, na mwili unaishiwa maji haraka. Funika mwili wote. Chini ya jaketi vaa fulana ya pamba iliyoloweshwa maji, na shingoni leso mbichi. Hewa ya huko ni kavu, kwa hiyo maji yanapokauka taratibu ndani ya jaketi yanakupoza kweli. Mama alivaa suruali ndani ya sketi pana, soksi ndefu na glavu. Helmeti nyeupe, na iwe inamkaa sawasawa. Ya kuazima kwa jirani haifai.

Hatua ya 3: Kiti na mizigo

Juu ya kiti funga ngozi ya kondoo. Nimejaribu sponji, inashika joto na jasho. Boksi refu la nyuma silitaki kabisa, kwa sababu kwenye upepo wa kando linakuwa tanga. Mizigo yangu hukaa kwenye mifuko miwili ya pembeni, chini, maji yakiwa mbele ya gurudumu la nyuma. Nyuma ya mama nafunga begi dogo laini la kuegemea. Lita 8 za maji kwa watu wawili, na kila kituo tunajaza upya.

Petroli: jaza Isiolo.

Hatua ya 4: Ratiba

Siku ya kwanza Nyeri hadi Isiolo kupitia Nanyuki, mwendo mfupi, mlale mapema. Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni kama kilomita 260, na hapo ndipo joto lilipo. Jioni uliza kwenye kizuizi cha polisi hali ya usalama mbele. Ondoka saa kumi na moja na nusu, ili jua likichomoza muwe mnakaribia Archers Post na mlima Ololokwe upate kuonekana vizuri. Mama alinisimamisha pale mara tatu. Saa nne muwe Laisamis, mmeketi kivulini. Mtoke saa tisa na nusu au saa kumi. Zinabaki kama kilomita 100, mtafika kabla ya giza. Usiku usiendeshe: ngamia hulala kwenye lami kwa sababu ina joto, na taa ya pikipiki humfikia ukiwa umeshachelewa.

Hatua ya 5: Tairi

Hapa nisome polepole, maana safari ya kwanza hatua hii ilitugharimu saa tano.

Pima upepo wa tairi alfajiri, kabla pikipiki haijatembea. Yangu hutaka 32 PSI nyuma nikiwa na abiria. Baada ya hapo usipunguze, hata ukiona nini. Saa tatu asubuhi, tukiwa tumepita Archers Post, nilipima nikakuta 37. Mtu mmoja pale kando ya barabara aliniambia nitoe, tairi itapasuka. Nikatoa hadi 26. Ilikuwa kosa langu, na hesabu yake ni hii: hewa ikipata joto hutanuka, kwa hiyo kipimo kupanda ni kawaida. Ukiitoa, tairi inalegea, inajikunja kila inapozunguka, na huko kujikunja kunaipa joto zaidi. Pia tairi iliyolegea huteleza kidogo kwenye rimu ikivuta tyubu, huku valvu imeshikwa na tundu la rimu. Kilomita kama 12 kabla ya Laisamis valvu ilichanika shinani.

Nilikuwa na viraka na solusheni. Kiraka hakishiki shinani mwa valvu. Niliviharibu vitatu kabla ya kukubali, saa nzima imekwisha, solusheni ikikauka kwa lile jua kabla sijabandika. Kwa hiyo beba tyubu mpya mbili. Kama tairi zako zote ni za inchi 17, tyubu ya nyuma huingia mbele ukikwama. Viraka ni vya miba, na miba ya migunga iko tele.

Kijana wa bodaboda aliyepita alikubali kutuletea tyubu kutoka Laisamis. Ikafika baada ya saa mbili. Nikaifunga kwa haraka na vyuma vya kung'olea tairi vikaitoboa. Hapo ikabidi aende tena.

Basi fanya hivi, na uyafanye nyumbani mara mbili kabla ya safari, ukiwa kivulini:

Toa gurudumu, toa hewa yote, kanyaga kingo za tairi pande zote mbili mpaka ziachie rimu. Katikati ya rimu kuna mfereji. Huu mfereji ndio siri yote. Unapong'oa ukingo sehemu moja, sehemu ya ukingo huohuo iliyo mkabala lazima iwe imesukumwa ndani ya mfereji; ndipo unapata nafasi. Mimi nilikuwa nashindana na chuma kwa nguvu, na ukijiona unatumia nguvu jua kwamba ukingo haumo mferejini.

Ndani ya tairi pitisha kitambaa, si vidole. Mwiba uliobaki utanasa kitambaa. Paka tyubu mpya poda ya mtoto, ijaze hewa kidogo tu ipate umbo la mduara, uiingize bila kujikunja. Rudisha ukingo ukianzia mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu, magoti yako yakikandamiza sehemu iliyokwisha kuingia. Kabla ya kila kuinua chuma, chungulia: ukiona tyubu imepita chini yake, toa, anza upya. Sukuma valvu ndani kidogo kisha iachie, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Jaza hewa, angalia mstari wa tairi uko sawa na rimu mzunguko mzima.

Nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu. Ipandishe hadi karibu na kifuniko. Tairi ikianza kuteleza valvu italala upande, utaiona ukisimama kunywa maji, na utakuwa na muda wa kurekebisha kabla haijachanika. Ukiikaza, hutaona chochote.

Na sasa mzazi. Kabla hujashika spana, mtafutie kivuli. Mimi nilianza na spana. Mama alikaa chini ya mgunga wenye kivuli cha madoadoa, nami nikimtazama mara mojamoja, naye akisema yuko sawa. Saa saba aliniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena, na mikono yake ilikuwa mikavu. Niliacha gurudumu. Akina mama wawili waliokuwa wakichunga mbuzi wakaja, wakatandika shuka juu ya matawi, mmoja akashika kichwa chake. Tulimvua jaketi na soksi, tukamwagia maji shingoni na kwapani huku tukimpepea. Alipoweza kumeza vizuri tukampa ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo. Kama huna pakiti, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Alirejea. Mzazi wako akichanganyikiwa hivyo, mpooze papo hapo na simamisha gari lolote limpeleke hospitali, pikipiki ibaki. Mimi nilibahatika, wewe usingoje uone.

Safari ya pili tulikuwa na turubai jepesi la mita 2 kwa 3 na fimbo mbili. Hutandikwa kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 6: Kaisut hadi mlimani

Baada ya Laisamis upepo wa jangwa la Kaisut hupiga kwa kando. Nakwenda 60 kwa saa, mama amenikaribia mgongoni, na lori likija naacha nafasi kubwa kushoto kwangu, kwa sababu likipita upepo hukatika ghafla kisha hurudi.

Weka sweta mbili juu kabisa ya mfuko. Ukipita Logologo barabara inapanda, na baada ya Karare mnaweza kuingia kwenye ukungu, fulana zikiwa bado mbichi. Simameni mbadilishe nguo kabla ya huo mlima. Mama ndiye aliyenikumbusha. Akaninyooshea kidole mawingu yaliyokaa kileleni, akaanza kunionyesha njia ya kwenda shuleni kwake.