Somo: Kupima kiwango cha fahamu cha mgonjwa aliyeumia kichwa

Majeruhi wa bodaboda anapofikishwa mapokezi, kuandika tu kwamba "hajitambui" hakumsaidii muuguzi atakayepokea zamu. Kipimo cha Glasgow, kilichochapishwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, hutoa alama kwa macho, usemi na mwendo wa viungo.

Kwanza hakikisha njia ya hewa iko wazi, linda shingo, kisha pima sukari ya damu, kwani ikishuka nayo huondoa fahamu.

Mtazame kabla hujamgusa. Akifungua macho mwenyewe ana 4, akiitwa, 3, akiminywa, 2, asipofungua, 1.

Muulize jina lake, mahali alipo na mwezi huu, kwa lugha anayoimudu, la sivyo utamhesabu amechanganyikiwa bure. Akijibu sawasawa ana 5. Akichanganya mambo, 4. Akitoa maneno yasiyounganika, 3. Akiguna tu, 2. Akiwa kimya, 1.

Mwendo ndio unaokosewa zaidi. Mwambie atoe ulimi. Akitii ana 6. Asipotii, minya msuli ulio kati ya shingo na bega: mkono wake ukipanda juu ya mtulinga kuufuata wako, ni 5, akikunja kiwiko upesi kujitoa, 4, mkono ukijikunja polepole kuelekea kifuani, 3, ukinyooka na kukakamaa, 2, usiposogea, 1. Pande mbili zikitofautiana, hesabu ulio bora na uutaje ulio dhaifu.

Andika kila sehemu peke yake, pamoja na saa na hali ya mboni, kisha jumla. Jumla ya 8 au chini yake ni jeraha kubwa, na njia ya hewa imo hatarini. Rudia kila nusu saa mwanzoni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mgonjwa akinuka pombe, nisubiri imtoke?*
Usisubiri. Mhudumie kama mwenye jeraha la ubongo hadi ithibitike vinginevyo.

*Macho yamevimba hayafunguki, nimpe 1?*
Hapana. Andika kwamba macho hayapimiki, wala usitoe jumla.

*Alikuwa na 15, sasa ana 13, ila bado anaongea. Nimwamshe daktari?*
Mwamshe sasa hivi. Huenda damu inavuja ndani ya fuvu, na mgonjwa wa namna hiyo huweza kuongea vizuri muda mfupi kabla ya kuzimia. Wakati daktari anakuja, tazama mboni tena na uanze kuandaa rufaa ya kwenda penye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya kichwa.