Kuzuia kishale kisiingie kwenye lebo za fomu ndani ya Emacs

Hapa Lamu nachapa orodha za abiria wa boti za Mokowe, na fomu yangu naijenga ndani ya Emacs, programu ya kuhariri maandishi. Haipiti siku bila mtu kupeleka kishale, ile alama ya mahali unapochapa, katikati ya neno “Nahodha:” akalivuruga. (Wengine hukiita kasa, huku kasa ni yule wa baharini, basi nabaki na kishale.) Tiba ni sifa za maandishi: alama zisizoonekana zinazobandikwa kwenye herufi zenyewe.

Hatua ya 1. Ingiza lebo kwa vipande viwili, pamoja na sifa zake:

```
(insert (propertize "Nahodha:"
                    'cursor-intangible t)
        (propertize " "
                    'cursor-intangible t
                    'rear-nonsticky t))
```

Hatua ya 2. Washa `M-x cursor-intangible-mode` (M ni kitufe cha Alt, na C utakayoikuta chini ni Ctrl). Bila modi hii sifa ni tanga lililokunjwa. Ilikuja na toleo la 25; ukikuta mwongozo wa zamani unaotaja `intangible` pekee, achana nao.

Hatua ya 3. Kagua mipaka ya lebo. Mimi nilipoteza alasiri nzima hapa. Kwa kawaida sifa hunata upande wa nyuma: herufi unayochapa mara baada ya lebo hurithi sifa za lebo. Ukisahau `rear-nonsticky` kwenye kipande cha mwisho, hata pale pa kuandikia jina huhesabiwa pamekatazwa, na kishale hufukuzwa. Upande wa mbele hazinati, ndiyo maana kishale bado husimama kabla ya N. Unataka kupaziba napo? Ongeza `front-sticky`. Ukikwama, weka kishale kabla tu ya herufi yenyewe ubonyeze `C-u C-x =`, utaonyeshwa sifa zake zote.

Lakini hii si kufuli. Emacs hukisogeza kishale amri ikishamalizika, kabla tu ya kuchora skrini upya. Kitufe cha kufutia nyuma bado kitaila lebo. Kufuli ni `'read-only t`, iongeze palepale kwenye hatua ya 1, katika vipande vyote viwili.

Hatua ya 4. Dokezo la kijivu la kuonyesha nini kiandikwe, kwa anayelitaka:

```
(let ((dokezo (propertize "jina kamili" 'face 'shadow)))
  (put-text-property 0 1 'cursor t dokezo)
  (overlay-put (make-overlay (point) (point))
               'after-string dokezo))
```

Mstari wa pili, wenye `cursor`, ndio unaokiweka kishale juu ya herufi ya kwanza ya dokezo. Uondoe uone: kishale kitakaa mwisho wa dokezo, na mteja atadhani jina limeshaandikwa.