Jinsi ya Kupima Idadi ya Vitufe Ambavyo Kibodi Hupokea kwa Pamoja

Fungua programu yoyote ya kuandikia, shikilia vitufe vyote viwili vya Shift, kisha andika alfabeti nzima bila kuviachia. Herufi zitakazokosekana kwenye skrini ndizo ambazo kibodi yako haiwezi kuzipokea pamoja na Shift hizo mbili. Baada ya hapo jaribu michanganyiko unayoitumia kweli, na hili ndilo jaribio muhimu zaidi, kwa sababu kibodi inaweza kupokea vitufe sita vya eneo moja ikashindwa na vitatu vya eneo jingine.

Tofauti hiyo hutokana na vitufe kutokuwa na waya wake kila kimoja, bali kuunganishwa kwenye gridi ya safu za mlalo na za wima. Unapobonyeza vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili wa gridi hiyo, umeme huzunguka na kukifanya kitufe cha pembe ya nne kionekane kana kwamba nacho kimebonyezwa, hivyo kibodi nyingi hukipuuza kile cha tatu ili zisikosee. Kibodi yenye diodi (kijenzi kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) kwa kila kitufe haina tatizo hili.

Ikiwa yako hukwama kwenye vitufe 6 daima, vyovyote utakavyochagua, gridi haina kosa: ripoti ya msingi ya USB, yaani ujumbe ambao kibodi huutumia kuiambia kompyuta vitufe vilivyobonyezwa, yenye baiti 8, ina nafasi ya vitufe 6 tu, mbali na Shift, Ctrl na wenzao.